Sauti Iliyokatwa Mkia

Getruda alikuwa amezoea kujisikia akipita. Angekuwa dukani anapanga chupa za chanjo kwenye friji, au uani anaanika nguo, na sauti yake mwenyewe ingekuja kutoka barabarani juu ya baiskeli ya mtu asiyemjua: "Mwangaluka baba, mwangaluka mayu. Ng'ombe wako anakonda, na wewe unamtazama tu?" Kisha ingefifia kuelekea mpakani, katikati ya malori yanayongoja kuvuka, naye angeendelea na kazi.

Tangazo hilo alilirekodi mwaka jana kwa ajili ya duka lake la dawa za mifugo pale Tunduma. Wateja wake wakubwa ni Wasukuma wanaofuga kwenye bonde la Momba, na yeye, Mnyiha wa Mbozi, alikuwa amejifunza salamu yao katika kuuza na kununua, akaona aanze nayo. Baada ya salamu na ule uchokozi wa ng'ombe kukonda, tangazo lilisema: "Dawa ya kupe ipo, dawa ya minyoo ipo. Nywesha ya minyoo, ogesha ya kupe. Ukikosea, umemuua." Maneno ya mwisho aliyakazia makusudi. Dawa ya kupe ni sumu. Inapulizwa kwenye ngozi, haiingii mdomoni hata kwa kijiko.

Alilifungulia kwenye spika ya mlangoni. Kabla mahindi hayajabeba, lilikuwa limeshahama duka. Wamachinga walirushiana kwa WhatsApp na kwa kadi za memori, kila mmoja akalitengeneza apendavyo. Kule Nakonde, ng'ambo ya mpaka, mtu alibandika "mukwai" ya heshima mwishoni ili Wazambia nao wajisikie nyumbani. Siku moja sokoni Getruda alilikuta linauza viatu: ng'ombe wako anakonda, na wewe unamtazama tu, viatu vya shule, viatu vya shule. Alicheka mpaka akatafuta pa kukaa. Mara moja tu alikasirika, akamuuliza Ruti, afisa utamaduni aliyesoma naye sekondari, kama hakuna sheria. Ruti alimwambia sheria ipo, alete ushahidi, asajili kazi yake. Getruda alikuwa na duka la kuendesha. Aliacha.

Ndipo Luhaga, mfugaji wa Ndalambo na mteja wake wa siku nyingi, alipopiga simu.

"Mama daktari," alisema, bila salamu, na Luhaga si mtu wa kuacha salamu. "Dawa yako imeniua."

Getruda hakuwa daktari, alikuwa na stashahada ya afya ya mifugo na alikwishachosha mdomo kuwaeleza. "Dawa gani? Ulinunua lini?"

"Sikununua dukani. Nimenunua jana hapa Ndalambo, kwenye baiskeli. Lakini ulikuwepo."

"Nilikuwepo wapi?"

"Kwenye baiskeli. Ulikuwa unasema."

Getruda aliweka chini boksi alilokuwa amelishika. "Umeifanyia nini hiyo dawa, baba?"

"Nimenywesha. Si umesema nywesha?"

"Ya nini? Inanuka vipi?"

"Ya kupe. Inanuka kama mafuta ya taa yaliyooza."

"Wapo walionyweshwa ambao bado wako hai?"

"Wapo. Wanatoa mate, wanatetemeka kama wana baridi."

"Usiwape kitu kingine chochote, wala maziwa, wala mafuta. Mpigie afisa mifugo wa kata sasa hivi. Mwambie ni sumu ya kupe imeingia tumboni, aje na sindano. Kata simu yangu, mpigie yeye."

Luhaga alikata. Baadaye kidogo simu ililia mlio wa ujumbe. Luhaga alikuwa amemtumia sauti aliyoirekodi mdogo wake pale kwenye baiskeli siku ya kununua, kwa sababu aliipenda. Getruda aliibonyeza.

"Mwangaluka baba, mwangaluka mayu. Ng'ombe wako anakonda, na wewe unamtazama tu? Dawa ya kupe ipo, dawa ya minyoo ipo. Nywesha."

Hapo palikuwa na mkwaruzo, kisha sauti ya mwanamume: "Napatikana hapahapa, wahi mapema." Na ikaanza upya.

Aliisikiliza tena akiwa amefumba macho. Kabla ya mkwaruzo hapakuwa na neno moja ambalo si lake. Hata ile pumzi aliyoivuta kabla ya "nywesha" ilikuwa yake. Mtu alikuwa anatafuta nafasi ya kuweka maneno yake, akakata katikati ya sentensi, na kilichobaki kilikuwa amri ya kuua, tena kwa sauti ya mama anayejua kazi. Akampigia Luhaga amuulize chupa ina lebo gani. Mdogo wake, Ngusa, ndiye aliyepokea.

"Chupa ya maji ya kunywa," Ngusa alisema. "Haina lebo. Lebo ni wewe." Akakata.

*

Brayan alikuwa na chumba kimoja cha kurekodia nyuma ya stendi, ukuta wake umepigiliwa trei za mayai ili sauti isirudi. Huko ndiko Getruda alikorekodi. Alipoingia, Brayan alikuwa anamtengenezea mchungaji wa kanisa fulani muziki wa kuingilia, akavua spika za masikioni shingo upande.

"Mama Ipyana, karibu. Leo tunaimba?"

"Lile tangazo langu. Ulimpa nani?"

"Nilimpa nani tena. Kila mtu analo."

"Kila mtu alilitoa wapi?"

Brayan alijikuna shingo. "Kulikuwa na jamaa wawili watatu waliokuja kutaka la kwao. Nikawaonyesha mfano. Mfano ukaondoka nao."

"Uliwapa kitu changu."

"Hapo sasa tuelewane, mama. Maneno ni yako, sawa. Ila ile rekodi, nani alibonyeza? Kompyuta ya nani? Maiki ya nani? Nimewahi kukaa semina, tukaambiwa anayerekodi naye ana haki yake. Kwa hiyo nilitoa cha kwangu."

"Kwa hiyo ni yako."

"Kwa upande mmoja, ndiyo."

"Vizuri. Kuna ng'ombe wamekufa Ndalambo kwa kunyweshwa dawa ya kupe, na aliyesema wanyweshwe ni hiyo rekodi. Wenyewe wanakuja. Nitawaleta hapa."

Brayan alizima muziki wa mchungaji kabisa. Akaisikiliza sauti iliyotoka kwa Luhaga, akairudia pale kwenye mkwaruzo, akaguna.

"Kazi mbaya hii. Amekata kwa simu, hata hakulainisha." Kisha akarudisha kiti nyuma. "Mama, mimi nilibonyeza tu. Sauti ni yako. Mtu akisikia hii hasemi ni Brayan."

"Dakika moja iliyopita ulikuwa mwenye mali."

"Dakika moja iliyopita nilikuwa sijui kama ina ng'ombe."

Getruda alimtazama, akaona kumgombeza ni kupoteza mchana. Alimwagiza atafute ile rekodi ndefu ya mwanzo, ampe, na akae karibu na simu.

Alimpigia Ruti akiwa anatembea kurudi dukani, sikio moja limezibwa kwa kidole kwa ajili ya malori. Ruti alisikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza, jambo lililomtia Getruda hofu zaidi.

"Sheria inakutambua," Ruti alisema. "Mtu akiikata kazi yako akaiharibu, una haki ya kulalamika. Hilo lipo. Nipe jina la aliyekata."

"Simjui."

"La anayelicheza."

"Mwenye baiskeli."

"Basi tuanzie mtandaoni. Siku hizi ukiwaandikia wenye mtandao wakiona ushahidi, wanaondoa. Limewekwa mtandao gani?"

"Ruti, liko kwenye baiskeli."

"Unajua tatizo la sheria hii? Ni ya watu waliokuwa wanakimbizana na mashine za kaseti. Mtu alikuwa na mashine ndani, unaenda na polisi, unaibeba mashine, mambo yameisha. Sasa mashine iko kwenye mfuko wa kila mtu, na mwenyewe hajui kama ana mashine. Wanaongeza vipengele, wanarekebisha, lakini yenyewe inakwenda kwa miguu na sauti yako iko kwenye matairi."

"Kwa hiyo niache?"

"Sijasema uache. Ukitaka nianze leo, unakuja hapa Vwawa unatia saini kwamba kazi ni yako."

"Nikishatia saini?"

"Inakuwa yako."

"Pamoja na ng'ombe."

Ruti alivuta pumzi. "Hili nakwambia kama rafiki, si kama ofisi. Luhaga akipata mtu wa kumshauri, hiyo saini yako ndiyo karatasi ya kwanza atakayoiomba. Ukilisema kuwa lako ili tulizime, umelisema kuwa lako kwa kila mtu. Ukilikana, mimi sina pa kuanzia. Fikiri."

Nyumbani, mumewe Osea hakuhitaji kufikiri. Osea alikuwa wakala wa kutoa mizigo mpakani, na maisha yake yote yalikuwa kuhakikisha tatizo la mzigo halimfuati mtu.

"Likane," alisema, akimenya chungwa. "Sauti zinafanana. Tena siku hizi kuna akili mnemba, kompyuta inatoa sauti ya mtu mpaka mama yake anaitika. Sema wamekutengeneza."

"Hawakunitengeneza. Nilisema."

"Ulisema lote. Hilo la nusu hukulisema."

"Nani atanielewa hapo, Osea?"

"Ndiyo maana nasema likane lote. Mama Ipyana, wale watu hawaji na kesi. Wanakuja na fimbo. Una duka, una jina, una mtoto chuoni. Maneno matatu tu: hiyo si mimi."

Getruda hakubishana. Usingizi ulikuja kwa vipande, na katika kila kipande alikuwa anafanya hesabu ileile ya minada: Ndalambo, Isongole, kwingine ambako hakukujua, na katika kila mnada mtu anafungua spika. Kulipokucha alikuwa ameyajaribu yale maneno matatu mbele ya kioo, na yalitoka vizuri.

*

Luhaga na Ngusa waliingia dukani wakati wateja wa asubuhi wamepungua. Luhaga alikuwa mtu mzima mrefu, koti lake zito hata kwenye joto, fimbo ameiegemeza mlangoni kwa adabu. Ngusa aliingia na ya kwake.

Maneno matatu yalikuwa tayari. Lakini mazoea ni mazoea, na mteja akiingia kuna kinachotangulia.

"Mwangaluka, baba," Getruda alisema.

Ngusa alimgeukia kaka yake. "Ndiye. Umesikia mwenyewe."

Basi. Hapakuwa tena na la kukana. Getruda aliwavutia viti, Luhaga akakaa, Ngusa akakataa.

"Waliokuwa wanatetemeka?" Getruda aliuliza.

"Afisa alikuja na sindano. Wengine wamesimama, wengine hapana." Luhaga aliongea taratibu, kama anayeongea msibani. "Jike la mahari ya binti yangu limelala, halitaamka. Sasa nataka uniambie kwa nini ulisema vile."

"Sikusema vile. Sikilizeni." Akawawekea rekodi ndefu, ile ya Brayan. Dukani paliposikika "ogesha ya kupe, ukikosea, umemuua", Luhaga aliinua kichwa.

"Rudia."

Akarudia.

"Kumbe ilikuwa na mkia," Luhaga alisema. "Wameikata mkia."

"Mkia huo ameushona jana," Ngusa alisema. "Kama wanaweza kukata, wanaweza kushona. Hii na ile, nani anajua ipi ilizaliwa kwanza? Zote zina sauti moja, hazina pembe tukahesabu miaka."

Ngusa alikuwa amesema kweli tupu. Katika simu ya Getruda ile ndefu na ile fupi zilikaa moja chini ya nyingine, zote safi, hakuna iliyochakaa. Angeweza kumwita Brayan athibitishe, na Brayan angesema alibonyeza tu.

"Huna haja ya kuniamini," alisema mwishowe. "Ila mimi ninajua nilichosema, na nilichosema ni hiki kirefu. Aliyekata simjui. Nimeuliza ofisini, nao hawana pa kumshika."

Luhaga aliitazama simu, si Getruda. "Mama daktari, waliokufa wamekufa, tutaongea baadaye mimi na wewe na wazee. Mimi nimekuja kwa jambo moja. Kesho ni mnada Ndalambo. Hiyo ya mkia uliokatwa italia tena. Watu wangu hawasomi lebo, wanakusikiliza wewe. Izime."

"Siwezi kuizima."

"Si yako?"

"Ni yangu."

"Ng'ombe wangu akipotea nikimwita ananijua, anarudi, hata akiwa kwenye zizi la mtu. Wewe sauti yako mwenyewe huwezi kuiita?"

Ngusa alicheka kwa dharau. Lakini Getruda alikuwa amekwishanyanyuka, anafunga mlango wa duka kwa ndani ili kelele za barabara zipungue.

"Kaa, Ngusa," alisema. "Nataka unisaidie kukata."

Alichotaka kilikuwa rahisi kukieleza. Kama watu wanaiba, waibe kingine. Angerekodi tangazo jipya lenye salamu ileile, lingekimbia njia zilezile, na lingefika kule lilikofika la kwanza. Kulitengeneza ndiko kulikuwa kugumu, kwa sababu lingekatwa tu, na hakuna aliyejua wapi.

Alianza na "Dawa ya kupe, usinyweshe."

"Nikikata hapa mwanzo wa neno?" Ngusa aliuliza, bado amesimama. "Usi ikienda, inabaki nyweshe. Mtu wa porini atasikia nywesha."

Getruda alifuta. "Dawa ya kupe ikiingia mdomoni ni kifo."

"Nikikata hilo la kifo, inabaki mdomoni," Luhaga alisema.

"Ukinisikia nasema nywesha, wamenikata."

"Hilo ndilo baya kabisa," Ngusa alisema, na sasa alikaa. "Umewapa neno lenyewe bure."

Walikwenda hivyo kwa muda mrefu, wale wafugaji wawili wakikata sentensi kama wanaochinja, kila mmoja akitafuta pa kupitisha kisu, na Getruda akifuta. Mteja aligonga, akaambiwa arudi baadaye. Mwisho ikaonekana kwamba dawa pekee ni kuliondoa kabisa neno la kunywa, na la mdomo, na kila kilicho karibu nalo, hata kwa kukataza. Kila kipande kisimame peke yake na kiseme kweli. Getruda alisogeza simu mdomoni.

"Mwangaluka baba, mwangaluka mayu. Ng'ombe wako unampenda? Dawa ya kupe, sumu. Dawa ya kupe, ngozi tu. Sumu ya ngozi, ogesha. Dawa ya kupe, ogesha. Mimi Getruda, dawa za mifugo, Tunduma. Ogesha."

Ngusa alijaribu kukata huku na huku, kwa midomo tu, akihesabu kwa vidole. "Imekaa," alisema kwa shingo upande.

"Umeweka jina," Luhaga alisema.

"Nimeweka."

Alijua Osea angesema nini. Lakini la kwanza, lisilo na jina, lilikuwa limeshamtafuta mpaka dukani, tena lilikuwa limeua likiwa halina mwenyewe.

Mwishoni aliacha ukimya mrefu kidogo, makusudi. Machinga hachezi onyo, anacheza kinachouza. Pale kwenye ukimya kila mtu angeweka sabuni yake, viatu vyake, kwa amani, bila kukata chochote.

Alimpigia Brayan. "Nakutumia kitu. Nataka kiibwe."

Brayan alisikiliza. "Kizuri. Nitawaambia ni bure, wachukue."

"Waambie."

"Hapana, mama, subiri. Nikisema ni bure watadhani ni cha serikali, hakuna atakayegusa. Nitasema umekataza kabisa. Nitasema umeapa kumshtaki atakayelinakili."

Getruda alifikiri kuhusu Ruti na karatasi zake Vwawa. "Sema hivyo," alijibu.

*

Alifika Ndalambo mnada ukiwa umechanganya, vumbi limepanda na ng'ombe wanalia. Alisimama karibu na wauza kamba, mkoba ameukumbatia kifuani, na akafanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya maishani: alijitafuta kwa masikio.

Alisikia wimbo, akasikia mtu anauza panga, akasikia mbuzi. Kisha upande wa barabara akajisikia. "Mwangaluka baba, mwangaluka mayu. Ng'ombe wako unampenda?" Moyo ulimtua. Baiskeli ilipita, imejaa beseni za plastiki, na pale kwenye ukimya mtu alikuwa ameweka: "Beseni, ndoo, vyombo vya kisasa." Hakukatwa hata neno.

Alikuwa bado anaitazama ilivyokwenda aliposikia ya pili, nyuma yake, kwenye kona ya wauza chumvi. Ng'ombe wako anakonda, na wewe unamtazama tu. Akageuka. Luhaga na Ngusa, waliokuwa upande wa pili wa uwanja, nao walikuwa wamegeuka.

Getruda alikimbia. Si mwanamke mwembamba na hakujali. Alimkuta kijana ameegemea baiskeli, spika imefungwa kwenye usukani, chupa za maji zimepangwa kwenye gunia, ndani kuna kimiminika cheupe kama maziwa.

"Karibu mama. Ya kupe hii, ya uhakika."

"Zima hiyo sauti."

"Ikizimwa nitauzaje?"

"Hiyo sauti ni yangu."

Kijana alimwangalia kuanzia kitambaa mpaka viatu. "Mama, hii ni ya mtandaoni. Haina mwenyewe. Jana mwingine kaniambia ni ya shangazi yake."

Spika iliendelea. Dawa ya kupe ipo, dawa ya minyoo ipo. Getruda alivuta pumzi, ileile, na kabla spika haijasema neno lake alilisema yeye, kwa sauti ya juu, na akaendelea pale ambapo mashine iliishia: "Nywesha ya minyoo, ogesha ya kupe. Ukikosea, umemuua."

Watu wa karibu waligeuka. Kijana alitazama spika, akamtazama yeye, akatazama tena spika, kisha akazima.

"Mimi nimeipata hivyohivyo," alisema chini. "Haki ya Mungu, sijakata. Nimetumiwa imeshakuwa fupi."

Ngusa alikuwa amefika na fimbo yake. Getruda alijiingiza katikati, mgongo wake kwa kijana. "Ukimpiga, wenzake watajifunza kuzima wakikuona wewe, ukipita wanawasha. Mwache afute."

"Ndiye aliyeua ng'ombe wetu."

Luhaga alikuja akihema. Alimtazama kijana vizuri, akatikisa kichwa. "Si huyu. Yule wa kwetu alikuwa mzee, ana kovu shavuni."

Getruda alikuwa amejiambia kwamba hapa Ndalambo ni baiskeli moja. Alikuwa amekuja kumkamata mmoja.

"Wako wangapi wenye hii fupi?" alimuuliza kijana.

"Sijui mama. Kundi letu la WhatsApp lina watu mpaka wa Ileje. Wengine wanavuka Nakonde, wengine Malawi." Alikuwa anafuta, akimwonyesha kioo cha simu. "Nimefuta. Nikutumie wapi ushahidi?"

Getruda alimrushia ile mpya. Kijana aliisikiliza, akaiweka kwenye spika, akairusha na kwenye kundi lao palepale, akiandika kwamba mwenyewe amekataza. Ngusa alibeba gunia lenye chupa kulipeleka kwa afisa mifugo, na kijana hakuthubutu kuuliza juu yake.

"Umeita, imerudi moja," Luhaga alisema walipokuwa wanatoka uwanjani.

"Moja," Getruda alisema.

"Jumapili nitakuja na wazee, tuongee ile habari ya waliokufa."

"Njooni. Nitakuwepo."

Getruda alitia saini kwa Ruti wiki hiyohiyo, rekodi zote mbili, ndefu na mpya. Ruti alimuuliza kama amefikiri, akasema ndiyo, na Ruti akazipeleka faili zikaanze safari yao ya miguu. Osea alimuuliza tu kama wazee wale watakula ugali au wali.

Tangazo jipya lilikimbia kuliko la kwanza. Brayan alijisifu kwamba katazo ndilo lililolipa miguu. Lilifika Isongole, mtu akalisikia kule linauza betri. Lakini Getruda hakurudi kuzoea. Kila baiskeli ikipita na ile salamu, aliacha alichokuwa anafanya, mkono ukabaki hewani na sindano au chenji ya mteja, akangoja ajue ni ipi kati ya zile mbili inayopita. Wateja walimzoea hivyo. Walisikiliza naye.

Alasiri moja alikuwa anampimia mama wa Kinyamwanga dawa ya kuku, akajisikia kwa mbali, kutoka upande wa stendi. "Mwangaluka baba, mwangaluka mayu." Akasimamisha mkono. "Ng'ombe wako..." Lori lililokuwa mbele ya duka lilipiga honi, ndefu, lile la nyuma yake likaitikia, na barabara nzima ikawa honi.

"Amesema nini?" Getruda aliuliza. "Mwishoni amesema nini?"

"Sijasikia, mama."

Aliiweka chupa kaunta bila kuifunga, akatoka mbio na koti lake jeupe la kazi, akapenya katikati ya malori kuelekea kule sauti yake ilikokuwa inakwenda.